Waya Usiotakiwa Kugusa Ardhi

Kaka yangu alianza kunipiga nikiwa na miaka minne na akaacha nikiwa na arobaini na moja. Katikati hapo na mimi nilimpiga mara kadhaa, nisijifanye mtakatifu. Nyumbani kwetu Kisesa ndivyo tulivyolelewa. Baba akisikia ugomvi ndani alikuwa anatutoa nje, anampa kila mmoja fimbo, halafu anakaa kwenye kigoda chake kutazama mpaka mmoja alie. Aliyelia ndiye mwenye makosa. Kwa sheria hiyo mimi nilikuwa mwenye makosa utoto wangu wote, maana kaka alinizidi miaka mitano na mkono wake ulikuwa mzito tangu hapo.

Tuligombania vitu vingi, lakini zaidi redio. Baba alikuwa na redio moja ya betri nne. Kaka alitaka iimbe, mimi nilitaka kuifungua nione kinachoimba kimekaa wapi. Siku niliyofanikiwa kuifungua alinitoa jino la mbele, na pengo lipo hadi leo. Yeye alikua akawa manju, kiongozi wa kikundi cha ngoma, mtunzi na mwimbaji wake. Mimi nikawa fundi wa spika na amplifaya hapa Kiseke, pamoja na pasi, feni na chochote kinacholetwa na mtu aliyekata tamaa nacho.

Kwa asiyejua mashindano ya ngoma ya kwetu, nieleze kidogo. Vikundi viwili vinapewa uwanja mmoja, siku moja, wakati mmoja. Kila kimoja kinacheza upande wake, kwa nguvu zote, bila kukisubiri kingine. Hakuna waamuzi wenye karatasi. Watu ndio waamuzi, na wanaamua kwa miguu: wakisikia upande ule umenoga wanakimbilia kule, wakisikia huku kumepamba moto wanarudi mbio. Jua likianza kushuka, penye watu wengi ndipo penye ushindi.

Babu yetu alikuwa manju pia, na hakushindwa karibu maisha yake yote. Kila mtu alijua kwamba alikuwa anazika dawa uwanjani kabla ya siku yenyewe, dawa ya kuvuta watu. Kaka naye aliirithi ile dawa na akaitumia mpaka alipobatizwa, mtu mzima mwenye watoto. Wiki ileile alivitoa vibuyu vya babu na kuvichoma moto mbele ya waumini, kwa mkono wake mwenyewe. Nilimheshimu sana siku ile. Lakini baada ya hapo akashindwa mwaka wa kwanza, akashindwa na wa pili, na wachezaji wake wakaanza kusema wazi kwamba alichokichoma kilikuwa ni ushindi wao. Wakampa neno la mwisho: akishindwa tena, wote wanahamia kwa wapinzani. Kikundi kile kilikuwa ndiyo maisha yake. Ng'ombe alikuwa nao, shamba alikuwa nalo, ila ukimwondolea ngoma hubaki na mtu.

Basi asubuhi moja akaja dukani kwangu na boksi kubwa, ameliweka kifuani utadhani amebeba mtoto mchanga. Alikuwa amemtoa fahali wake wa pekee ili alipate.

"Mdogo wangu," akasema, "nimepata kitu."

Ndani ya sponji nyeusi ulilala waya wa spika, mnene kama kidole gumba, mrefu wa kuvuka uwanja. Vichwa vyake vilikuwa rangi ya dhahabu. Kwenye mwili wake kulichorwa mishale midogo, yote ikielekea upande mmoja. Chini yake kulikuwa na vigogo vya mbao vilivyong'arishwa, kila kimoja kimechongwa kishimo juu. Nikamuuliza vya nini. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekaririshwa na muuzaji mwenye tai shingoni, kwamba waya haukutakiwa kugusa ardhi, kwa sababu ardhi inanyonya sauti, kwa hiyo unalazwa juu ya vile vigogo. Mishale ni njia ya sauti, ukiugeuza sauti inarudi nyuma. Na kabla ya kuutumia lazima uulishe muziki siku tatu, usiku na mchana, mpaka uzoee.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Waya una kazi moja, kupitisha umeme. Ukiwa na unene wa kutosha na haujakatika, umemaliza kazi yake, hata kama uliokotwa jalalani. Sauti inaharibikia kwenye spika iliyochanika, kwenye maiki iliyoshikwa vibaya, kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka mwisho na mlevi. Miaka ishirini nimeshika nyaya na sijakutana na ule unaojua kuimba.

"Kaka," nikamwambia, "usiguse ardhi, usigeuze, ulishe siku tatu. Haya si masharti ya mganga? Umemwacha mganga wa vibuyu umekwenda kwa mganga wa tai."

Hakunipiga. Alifunga boksi taratibu. Ningekuwa na akili ningenyamaza pale. Lakini mimi nikiona mtu anadanganywa napandwa na hasira hata kama si fedha yangu, na huyu alikuwa ndugu yangu. Nikamkokota hadi mjini, hadi kwenye duka alikonunua, nimrudishie muuzaji mzigo wake.

Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, tai nyekundu, maneno laini. Hakubishana. Alisema, "Mzee, masikio yako yenyewe yaamue," akatupigia wimbo kwa waya wa kawaida, kisha akauchomoa, akachomeka wa dhahabu wa palepale dukani, akaurudia wimbo uleule. Kaka alifumba macho. Uso wake ukalainika. "Unasikia?" akaniuliza. "Unasikia zeze linavyosogea?"

Nilichokuwa nimekiona mimi ni kidole cha muuzaji. Mkono wake wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo na ndani yake kulikuwa na rimoti. Aliposhika waya wa dhahabu alipandisha sauti kidogo, kidogo sana, kiasi ambacho mtu hawezi kukitambua. Sikio likiongezewa sauti kidogo linadhani limeongezewa utamu. Ni ujanja wa zamani na kila fundi anaujua.

Nilimshika tai na kumvuta juu ya kaunta mpaka uso wake ukagonga kioo. Rimoti ilidondoka. Nilitaka kaka aione, nikawa napiga kelele, "Itazame! Itazame chini!" lakini kabla hajatazama mlinzi alinipiga rungu mgongoni, la pili likanikuta begani, nikaburuzwa nje na kutupwa mbele ya mwanamke aliyekuwa amepanga viatu vya mtumba. Nikiwa bado nimelala juu ya viatu vya watu, nilimsikia kaka ndani akimwomba muuzaji radhi kwa niaba yangu. Kisha akatoka na kunipiga teke la mbavu. "Umeniaibisha," akasema. Yule mwanamke alitufukuza wote wawili kwa kiatu.

Hasira yangu ikawa haina tena breki. Jumapili iliyofuata nilikwenda nyumbani Kisesa na amplifaya, spika na waya wangu wa kawaida. Mama alikuwa anapika. Nilifunga kanga yake mlangoni iwe pazia, nikamkalisha kaka upande wa pili, nikamfunga macho kwa kitenge juu ya hapo. Nikamwambia: nitakupigia wimbo mara saba, mara nyingine kwa waya wako wa dhahabu, mara nyingine kwa wangu. Wewe niambie ni upi. Ukipata zote saba, napiga magoti mbele ya wachezaji wako na kukuomba radhi.

Alikubali haraka. Alikuwa na uhakika, maskini.

Mara ya kwanza akasema, "Huo wako. Umeziba." Mara ya pili akasema, "Sasa, huo ndio wenyewe!" na akaanza kupiga mguu chini. Ya tatu wangu, ya nne wake, ya tano wake tena. Ya sita alisikiliza muda mrefu na kusema yale maneno yangu ya mganga wa tai yalimuumiza moyo bure, kwa sababu hata mbwa angesikia tofauti ile. Ya saba alisimama na kuimba.

Nikafungua kitenge na kuvuta kanga. Waya wa dhahabu ulikuwa ndani ya boksi lake, sponji juu yake, mkanda wa plastiki unaouzunguka haujabanduliwa. Mara zote saba nilikuwa nimempigia kwa waya wangu. Sikuubadilisha hata mara moja.

Nilicheka. Nakiri hivyo: nilicheka mbele ya mama, kicheko cha mdogo aliyelia utoto wote. Kaka aliokota kigoda cha baba na kunipiga nacho kwenye paji la uso. Damu iliniingia machoni na nikamrukia bila kumwona. Tuliangusha sufuria, tukaangusha spika, nikamng'ata mkono, akanikaba kwa kitenge kilekile. Wanaume wawili wenye mvi tunagaagaa kwenye unga. Mama alitupiga mwiko wa moto mmoja baada ya mwingine, mgongoni na vichwani, hadi tukaachana.

"Wewe huna masikio!" kaka alinipigia kelele. "Una macho tu! Toka lini mtu akasikia kwa macho?"

Mama, bado ameshika mwiko, alinigeukia mimi. "Siku ya ngoma utamfungia mitambo kaka yako. Na utaufunga huo waya wake alionunua. Usipokwenda, usije hata kunizika."

Nilikubali, nikaondoka na boksi, eti nikaulishe waya zile siku tatu. Na wakati nakubali tayari nilikuwa na nia mbaya.

Dukani kwangu kulikuwa na rundo la pasi mbovu, zile za zamani ambazo nyaya zake zimevishwa uzi, mweusi na mweupe umesokotwa. Nilizikata zote nikaunga kipande kwa kipande, nikakaza kila kiungo kwa utepe mwekundu wa umeme, mpaka nikapata waya wa kuvuka uwanja. Ulikuwa takataka tupu, na ungefanya kazi vizuri kabisa. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kaka atacheza akidhani anaimba kupitia dhahabu. Akishinda, nitauvuta waya ule mbele ya watu wote na kusema: hizi ni pasi. Nilitaka alie yeye, mara moja tu, na mimi nikae kwenye kigoda.

Siku ya ngoma nilifika uwanjani asubuhi kabla ya watu. Amplifaya na jenereta nilivipanga chini ya turubai, na spika zilitakiwa kukaa ng'ambo, upande wa pili wa njia ambayo watu wangekuwa wanakimbilia. Nilichimba mfereji mdogo kwa jembe, nikaulaza waya wa pasi ndani, nikafukia na kukanyagakanyaga. Viungio vya spika nilivifunika kwa kitenge. Kaka alipokuja aliuliza vigogo viko wapi. Nikamwambia watu wangevikanyaga, kwa hiyo nimeupitisha waya kwenye bomba la maji chini, haugusi ardhi hata kidogo. Mishale inaelekea kwake. Alinitazama, jicho moja bado limevimba kwa ngumi yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema asante. Nilijisikia vibaya kwa muda, halafu nikakumbuka kigoda.

Na akaimba. Sijawahi kumsikia mtu akiimba hivyo. Ile hofu ya miaka miwili ilikuwa imemtoka mwilini. Alikuwa anawatukana wapinzani kwa mashairi mapya, papo kwa papo, watu wanakatika mbavu. Anashusha sauti mpaka uwanja mzima unainama kumsikiliza, kisha anaipandisha na wachezaji wake wanaruka naye. Watu walianza kuja mmoja mmoja. Kisha wakaja kwa makundi, akina mama wamekumbatia viti vyao. Ilipofika saa kumi upande wa pili walikuwa wanachezea ndugu zao tu. Nilisimama kwenye turubai machozi yananitoka. Nilikuwa najivunia kaka yangu, na nilikuwa nimesahau kabisa kilichokuwa chini ya ardhi.

Wapinzani walikuwa wanacheza na majembe, wanayarusha hewani, wanayadaka, wanayapiga chini kwa pamoja. Walipoona wanabaki peke yao walianza kusogea kwetu huku wakicheza, mstari mzima, wanapiga majembe kwa hasira. Wakaingia njia ya katikati. Jembe moja lilipiga ardhi na kunasa. Mchezaji alilivuta kwa nguvu.

Sauti ya kaka ilikatika katikati ya neno.

Kwenye jembe ulikuwa unaning'inia waya wa pasi, uzi mweusi na mweupe, udongo unadondoka, na kwenye huo waya, kila hatua moja, fundo jekundu. Nilijua wanachokiona kabla hawajakisema. Nyeusi, nyeupe na nyekundu, rangi za waganga, zimefungwa mafundo na kuzikwa uwanjani asubuhi kabla ya watu kufika. Hata mimi ningekimbia.

"Wamezika dawa!"

Mtu mwingine akasema aliniona asubuhi nimeinama nafukia. Watu walewale waliokuwa wanashangilia walirudi nyuma, wakaacha nafasi, na kwenye hiyo nafasi waliingia wenye majembe. Wa kwanza alinipiga kwa mpini kwenye goti, nikaenda chini. Nilikanyagwa mkono, nikasikia vidole vinalia. Mmoja alipasua amplifaya kwa jembe, cheche zikaruka. Nilipiga kelele kwamba ni waya, ni waya tu, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa damu na udongo.

Kaka aliwapenya. Alikuwa bado ameshika maiki iliyokufa. Akasimama mbele yangu na kupaza sauti, "Ni waya! Waya wa dukani! Una vichwa vya dhahabu, na mishale, muuzaji yupo mjini mkamuulize! Ngojeni niwaonyeshe!" Akaukamata na kuanza kuung'oa ardhini, akitembea kuelekea kwenye spika, fundo baada ya fundo, haraka, kwa imani yote, mpaka akafika mwisho na kufunua kitenge. Hapakuwa na dhahabu. Palikuwa na nyuzi mbili za shaba zilizosokotwa kwa mkono, na utepe mwekundu.

Aliutazama waya ule. Kisha akanitazama mimi. Alielewa, nililiona lile jambo likimwingia usoni.

Angeweza kusema. Angesema tu, "Ni huyu, kanifanyia mzaha," na labda watu wangemsikiliza. Badala yake aliutupa waya na kuja kwangu mbio, mkono umeinuliwa, ule mkono ninaoujua tangu nina miaka minne. Na wakati huohuo mpini wa jembe ulikuwa unashuka kutoka nyuma yangu kuja kichwani mwangu. Ulimkuta yeye. Ulimpiga upande wa kushoto, juu ya sikio, kwa mlio ambao sitaueleza, na akaniangukia kifuani akiwa na uzito wake wote. Sijui alikuja kuniokoa au alikuja kunipiga. Nimejiuliza kila siku na sijawahi kumuuliza.

Mgambo walifika wakati waya unachomwa moto, nyuzi zinafuka moshi mweusi na vijana wanaumwagia mafuta ya taa.

Hospitalini walisema ana bahati kuwa hai. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilibaki na usikivu kidogo, wa kupigiwa kelele. Kikundi chake kilivunjika kabla hajatoka wodini. Kanisa likamsimamisha, kwa sababu alirudia dawa aliyoichoma mwenyewe mbele yao. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa na lile boksi la dhahabu mkononi, goti limefungwa bandeji, nikawaeleza kila kitu: muuzaji, pasi mbovu, nia yangu mbaya. Mmoja wao alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja. "Kama ulikuwa waya tu, kwa nini uliuficha?" Nilimjibu mara mbili, na mara zote mbili nilijisikia mwenyewe kama nasema uongo. Wakasema ni vizuri kumtetea ndugu yako. Nikampiga mmoja wao kofi. Halikusaidia chochote.

Mwaka mzima nilikwenda Kisesa kila Jumamosi mchana. Kaka alikaa kwenye kigoda cha baba, nje, anatazama barabara. Nilikata kuni, nikatengeneza bomba, nikanyamaza. Mama alikuwa anatupa chakula sahani moja. Kaka hakunipiga wala hakunitukana, na nilikuwa natamani afanye mojawapo.

Jumamosi moja niliamua kumrudishia boksi lake, nikabeba na spika moja na amplifaya mpya, sijui kwa nini hasa. Nilipoviweka chini alivitazama, halafu akaongea kwa sauti kubwa, kama anavyoongea siku hizi.

"Siku ile. Ule haukuwa waya wangu."

Niliinama kwenye sikio lake la kulia. "Haukuwa."

"Ulikuwa nini?"

"Wa pasi, kaka. Pasi mbovu. Niliuunga mwenyewe."

Niliuacha uso wangu palepale, karibu na mkono wake. Nilifumba macho na kusubiri. Nilikuwa nautaka ule mkono.

"Nilishinda nao?" akauliza.

"Ulishinda. Watu wote walikuwa kwako. Hakuna mtu aliyewahi kuimba hivyo, kaka, hata babu."

Kisha akanyoosha kidole kwenye spika. "Niwekee huo, basi. Niwekee ule nilioshinda nao."

Nilikuwa nimeuona ukigeuka majivu. Nilichokuwa nacho ni ule wa dhahabu peke yake. Nikazunguka nyuma ya spika, mahali asipoona, nikaubandua mkanda wa waya kwa mara ya kwanza, nikaufunga waya ule kwa vidole vyangu vilivyopinda. Sikutazama mishale inaelekea wapi. Niliulaza juu ya udongo. Nilikuwa na wimbo wake kwenye simu, mtu mmoja alikuwa amemrekodi siku ileile, kabla jembe halijanasa. Nikaupiga.

Kaka alisogeza kigoda, akaweka kiganja chake kizima juu ya mbao ya spika na kufumba macho.

"Ni ule wa pasi?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye amplifaya. Nikapandisha sauti kidogo, kidogo sana, ili imfikie.

"Ndiyo, kaka. Ni wenyewe."

Alisikiliza mpaka sauti ilipokatika. Mguu wake ulikuwa unapiga chini.

"Nimeujua," akasema. "Ule wa dukani haukuwa na kitu kama hiki."